Rangi Ikipotea Kwenye Kiini: Kutafuta Kosa Katika Vipimo vya Protini Zinazokarabati DNA

Mwanapatholojia anapoandika kwamba uvimbe wa utumbo mpana umepoteza protini za MLH1 na PMS2, alichokiona chini ya hadubini ni kutokuwapo kwa rangi ya kahawia, ambayo antibodi huiacha pale protini ilipo. Viini vya seli za saratani vimebaki na buluu ya himatoksilini tu, rangi inayotiwa kwenye viini vyote. Ugumu wa kazi hii unaanzia hapo. Katika vipimo vingi vya kupaka rangi tishu, kitendanishi kikiharibika slaidi hutoka tupu na kila mtu hujua kuna kosa. Kwenye protini zinazokarabati DNA, slaidi tupu ni jibu kamili. Linaweza kumpa mgonjwa tiba inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, ambayo vinginevyo asingeandikiwa, na linaweza kuwaita ndugu zake wa damu waje kupimwa jeni. Tangu Mei 2017, mamlaka ya dawa ya Marekani iliporuhusu pembrolizumab, dawa ya tiba hiyo, kwa uvimbe wowote mgumu wenye upungufu huu bila kujali umeanzia kiungo gani, uzito wa slaidi hizi umeongezeka mara nyingi.

Mwongozo huu ni kwa wateknolojia wa histolojia, wanafunzi wa uzamili wa patholojia, na watafiti wanaotumia protini hizi kama alama katika tafiti za saratani. Sehemu kubwa inahusu protini nne zinazofika mezani kila wiki: MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6. Baada yake nimeweka ERCC1, protini nyingine ya ukarabati, kwa sababu kisa chake kila mtafiti wa alama anapaswa kukijua, kisha gama-H2AX na RAD51 kwa wanaohesabu nukta kwenye viini.

Kabla ya uvimbe, soma majirani zake

Seli inaponakili DNA yake huteleza, hasa pale ambapo herufi moja imerudiwa mara nyingi mfululizo. MSH2 na MSH6 hushikana wawili na kulitambua kosa; MLH1 na PMS2 nao hushikana wawili, wakafika pale pale, na kipande chenye kosa kikakatwa na kuandikwa upya. (Paul Modrich alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 kwa kuifafanua kazi hii.) Protini hizi zimo katika seli za kawaida, na huonekana vizuri zaidi katika zile zinazogawanyika. Kwa hiyo kila kipande cha tishu huja na shahidi wake: limfosaiti zilizozunguka uvimbe, seli za tishu unganishi, na chini kabisa ya tezi za kawaida za utumbo ambako seli mpya huzaliwa.

Anza na hao. Wakiwa na kahawia kwenye viini, endelea kusoma uvimbe. Wakiwa tupu, usiseme lolote kuhusu uvimbe, hata kama slaidi ya kidhibiti (tishu inayojulikana kuwa na protini hizi) iliyopakwa siku hiyo hiyo imependeza. Nimeona ripoti ya kupotea kwa protini ikitolewa juu ya kipande ambacho hakikuwa na limfosaiti hata moja iliyoshika rangi. Familia ilishaanza kuulizwa historia ya ukoo kabla mtu mmoja hajaomba slaidi zitazamwe tena. Sitaki kuiona mara ya pili.

Tahadhari moja: usichague shahidi asiyefaa. Seli zilizo juu kabisa kwenye uso wa utumbo zimekwisha kukomaa na kwa kawaida hupauka. Tazama chini ya tezi.

Dalili: slaidi yote tupu, uvimbe na majirani

Tazama tishu ya kidhibiti. Tonsili au kidole tumbo hufaa sana, na ni bora ikae kwenye slaidi ile ile ya mgonjwa ili yote mawili yapite kwenye joto na kemikali zile zile. Kidhibiti kikiwa na kahawia na tishu ya mgonjwa ikawa tupu, kosa liko kwenye tishu: ruka hadi sehemu ya fomalini. Vyote viwili vikiwa tupu, kosa liko kwenye upakaji, na hapo nenda kwa mpangilio huu.

Kwanza DAB, kemikali inayogeuka kahawia, na peroksidesi, kimeng'enya kinachoigeuza. Chukua tone la kitendanishi chenye kimeng'enya, lichanganye na tone la DAB uliyotayarisha. Ndani ya muda mfupi lazima liwe kahawia. Lisipogeuka, umepata kosa bila kupoteza slaidi nyingine. Sababu ninayoikuta mara nyingi ni sodiamu azaidi: mtu ametia kihifadhi hicho kwenye bafa ya kuoshea ili isiote ukungu, naye hajui kwamba azaidi huzima peroksidesi. Bafa ya kuoshea itengenezwe upya, bila azaidi. Wanaotumia alkalini fosfatesi badala ya peroksidesi wana mtego wao: bafa ya fosfeti huidhoofisha, watumie ya Tris.

Pili, antibodi ya pili, ile inayoishika antibodi ya kwanza iliyoshika protini. Kosa hili lina hila kuliko yote. Katika seti inayotumika sana, antibodi ya MLH1 (kloni ES05) na ya MSH2 (kloni FE11) zimetoka kwa panya, wakati ya PMS2 (EP51) na ya MSH6 (EP49) zimetoka kwa sungura. Kitendanishi kinachotambua antibodi za sungura kikiharibika au kikirukwa, MLH1 na MSH2 zitatoka safi, PMS2 na MSH6 zitatoka tupu. Ukitazama haraka utadhani umekuta jambo la kibayolojia. Majirani ndio watakaokuokoa, maana nao watakuwa tupu kwenye slaidi hizo mbili. Ukiona protini zinakufa kwa kufuata mnyama aliyetoa antibodi badala ya kufuata jozi za kibayolojia, fungua friji, usifungue faili la mgonjwa.

Tatu, joto la kufungua antijeni, yaani sehemu ya protini inayoshikwa na antibodi. Fomalini hufunga protini kwa vifundo, na bila joto antibodi haifiki mahali pake. Protini hizi nne kwa kawaida hudai bafa ya Tris-EDTA yenye pH 9 na joto linalokaribia nyuzi 100. Pima pH ya bafa kwa mita siku unapoitumia. Lebo ya chupa iliyokaa miezi mitatu haitoshi. Na kwa walioko nyanda za juu kuna jambo ambalo maelekezo ya kiwandani hayalitaji. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Eldoret, iliyo juu zaidi, huchemka kwenye nyuzi pungufu ya hapo. Maelekezo yakisema "chemsha dakika 20" na wewe unatumia chombo kilicho wazi, tishu yako haijapata joto ambalo mtengenezaji alilipata. Tumia sufuria ya presha au mashine yenye mfuniko wa presha, ama ongeza muda kisha uuthibitishe kwa tishu za kidhibiti. Mwenzako wa Mombasa au Dar es Salaam akikupa itifaki yake iliyomtosha pwani, usiichukue kama ilivyo.

Mwisho kwenye orodha hii: umri wa slaidi. Tishu iliyokatwa na kuachwa juu ya kabati kwa miezi hupoteza antijeni taratibu. Kata upya kutoka kwenye bloku ya parafini, unene wa mikromita 3 hadi 4, kwenye slaidi zenye chaji. Usioke kwa joto kali usiku kucha.

Dalili: pembeni kuna rangi, katikati hakuna

Ukiona kahawia nzuri kwenye ukingo wa kipande na ikififia kuelekea ndani, limfosaiti zikififia pamoja na uvimbe, hilo ni tatizo la fomalini. Fomalini huingia kwenye tishu polepole mno, takriban milimita moja kwa saa kama kanuni ya kukadiria, na kipande kikubwa cha utumbo kilichotumbukizwa kizima huanza kuoza ndani huku nje kimehifadhiwa vizuri.

Huku kwetu sehemu hii inastahili maelezo marefu, kwa sababu kosa hutokea mbali na maabara. Kipande kinatoka chumba cha upasuaji saa tisa alasiri siku ya Ijumaa. Kinawekwa kwenye ndoo ndogo, fomalini inakifunika nusu, kinasubiri gari la Jumatatu. Au kinatoka hospitali ya mkoa kikiwa ndani ya fomalini ambayo mtu aliichanganya kwa maji ya bomba bila bafa. Kikifika, mteknolojia anakipokea na kukipitisha kwenye mashine kama kawaida, na wiki tatu baadaye mtafiti analalamika kwamba MSH6 haishiki.

Unachoweza kudai, na uwaandikie kwenye karatasi wauguzi wa chumba cha upasuaji: fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, pH karibu na 7, ujazo wake mara kumi ya ujazo wa tishu. Utumbo upasuliwe kwa urefu kabla ya kutumbukizwa, uvimbe mkubwa ukatwe vipande vya wazi ili maji yapite. Tishu iingie fomalini ndani ya saa moja tangu itolewe mwilini, ikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Saa ya kuingia iandikwe kwenye fomu. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na ndilo linalosahaulika zaidi.

Kama kipande kimeshaharibika, usikate tamaa na mgonjwa. Soma sehemu ile tu ambayo majirani wameshika rangi, uandike hivyo. Ikiwa hakuna sehemu ya namna hiyo, tafuta bayopsi ya kwanza ya mgonjwa huyo huyo. Vipande vya bayopsi ni vidogo, fomalini huvipenya mara moja, na kwa protini hizi mara nyingi hutoa picha safi kuliko kipande kikubwa cha upasuaji. Kama ningechagua moja, ningechagua bayopsi kila siku.

Tishu iliyolainishwa kwa asidi kwa sababu ilikuwa na mfupa ni habari nyingine: asidi huharibu antijeni, na kutokuwapo kwa rangi hapo hakuthibitishi kitu. Kwa sampuli zijazo tumia EDTA.

Dalili: majirani wana rangi, uvimbe hauna

Hapa huenda umekuta ugonjwa halisi. Uthibitishe kwa jozi.

MLH1 ikikosekana, PMS2 hubaki bila mwenza na huvunjwa, kwa hiyo zote mbili hupotea. MSH2 ikikosekana, MSH6 nayo huondoka. Kinyume chake sivyo: PMS2 ikiharibika peke yake, MLH1 hushikana na wenza wengine na kubaki, MSH6 ikiharibika peke yake, MSH2 humshika mwenza mwingine, MSH3, na kubaki. Kutokana na hilo, picha nne zinaeleweka: MLH1 na PMS2 pamoja, MSH2 na MSH6 pamoja, PMS2 peke yake, MSH6 peke yake.

Picha nyingine yoyote irudishe benchi. MLH1 imepotea lakini PMS2 imebaki na nguvu? Rudia MLH1. MSH2 imepotea lakini MSH6 ipo? Rudia. Zote nne zimepotea? Inaweza kutokea, lakini ni adimu kiasi kwamba kwanza ushuku upakaji, kisha tishu, na mwisho ndipo uvimbe.

Picha ikiwa ya MLH1 na PMS2, usikimbilie kumwambia mgonjwa habari za kurithi. Takriban asilimia 15 ya saratani za utumbo mpana zina upungufu wa ukarabati huu, ilhali sindromu ya Lynch, ile inayorithiwa, hupatikana kwa takriban asilimia 3 tu ya wagonjwa wa saratani hiyo. Wengi waliobaki wana jeni nzima ya MLH1 ambayo imezimwa ndani ya uvimbe kwa alama za methili kwenye promota yake, sehemu inayowasha jeni. Pima mabadiliko ya V600E kwenye jeni ya BRAF: yakiwapo kwenye uvimbe wa utumbo mpana, Lynch haielekei kabisa. Kwenye saratani ya mfuko wa uzazi BRAF haikusaidii, pima methili moja kwa moja.

Picha ikiwa ya MSH2 na MSH6, uzito wa kurithi ni mkubwa zaidi. Na ikiwa jeni ya MSH2 yenyewe imesomwa ikaonekana nzima, muulize mtaalamu wa jeni kama aliangalia EPCAM. Jeni hiyo imekaa jirani na MSH2 kwenye kromosomu, na mwisho wake ukifutika, usomaji humwagikia kwa jirani na MSH2 huzimwa. Mtu anaweza kuisoma MSH2 herufi kwa herufi asione kosa.

Dalili: MSH6 hafifu, ya vipande, au imejikusanya kwenye nukleolasi

Uliza swali moja kwanza: mgonjwa alipata mionzi na kemotherapia kabla ya upasuaji? Uvimbe wa puru uliotibiwa kabla hujulikana kwa kupunguza MSH6, na wakati mwingine rangi hubaki kwenye nukleolasi, kidoa kilicho ndani ya kiini, pekee. Si kupotea kwa kurithi. Pima bayopsi ya kabla ya tiba.

Kama hakutibiwa, tazama slaidi za MLH1 na PMS2. Ndani ya jeni ya MSH6 kuna mahali penye herufi C nane mfululizo, na uvimbe ambao tayari umepoteza MLH1 hauna wa kurekebisha mtelezo unaotokea hapo. Basi kundi fulani la seli za uvimbe hupoteza MSH6 pia, nyingine ikabaki nayo, na slaidi inakuwa na madoa ya mabaka. MSH6 hapo ni tokeo, chanzo ni MLH1. Ripoti chanzo.

Dalili: MLH1 ya nukta nukta

Ukitumia kloni M1 unaweza kuona viini vyenye nukta ndogo za kahawia badala ya rangi iliyojaa. Watu huihesabu kuwa protini ipo. Usifanye hivyo. Tazama PMS2 ya uvimbe huo huo: ikiwa imepotea, MLH1 imepotea, na nukta zile zimetokana na antibodi. Ukiwa na kloni nyingine akibani, rudia kwa hiyo.

Dalili: kahawia iko kwenye saitoplazimu, au punje nyeusi, au kila mahali

Protini hizi hufanya kazi kwenye kiini. Rangi ya saitoplazimu isihesabiwe, hata ikiwa nzito. Punguza ukolezi wa antibodi, angalia kama slaidi ilikauka katikati ya kazi, na hakikisha hatua ya peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3 haikurukwa.

Punje nyeusi-kahawia zilizotapakaa kwenye maeneo yenye damu nyingi huenda ni rangi ya fomalini yenye asidi, na zinaweza kumdanganya macho anayesoma haraka. Utazikuta pia kwenye slaidi isiyopakwa antibodi yoyote. Huondolewa kwa asidi ya pikriki iliyokolezwa kwenye alkoholi. Chupa hiyo isiachwe ikauke, maana asidi ya pikriki ikikauka huweza kulipuka.

Na himatoksilini nzito kupita kiasi hufunika kahawia hafifu. Ipunguze muda kabla hujalaumu antibodi.

Dalili: slaidi zinasema hivi, PCR ya satelaiti ndogo inasema vile

PCR hupima matokeo ya upungufu: vipande vifupi vya DNA vyenye herufi zinazorudiwa, kama BAT-25 na BAT-26, vimebadilika urefu. Kwa kawaida vipimo hivi viwili hukubaliana. Visipokubaliana, fuata hili.

Slaidi zinaonyesha kupotea, PCR imetulia. Sababu ya kawaida ni DNA iliyotolewa kwenye kipande chenye seli chache za uvimbe. Seli za kawaida zimefunika. Mwombe mwanapatholojia azungushie uvimbe kwa kalamu na ukwangue hapo tu. Sababu ya pili ni MSH6: MSH3 bado inarekebisha sehemu ya makosa, kwa hiyo PCR huweza kuonyesha mabadiliko madogo au kutoonyesha kitu. Kwenye saratani ya mfuko wa uzazi mabadiliko ya urefu huwa mafupi, na jicho lisilozoea huyapita.

PCR imeyumba, slaidi zina protini zote. Kuna mabadiliko ya jeni ambayo hubadilisha asidi amino moja tu: protini inatengenezwa, inakaa kwenye kiini, inashika rangi, lakini haifanyi kazi. Antibodi haipimi kazi, hupima kuwapo. Mgonjwa wa namna hii apelekwe kusomwa jeni.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha ni mgonjwa mmoja. Linganisha namba ya bloku, ya slaidi na ya mrija wa DNA. Nimeshuhudia siku tatu za mjadala wa kibayolojia zikiishia kwenye namba mbili zilizobadilishana.

Dalili: rangi ni nzuri, ila matokeo hayajirudii

Huu ndio ugonjwa mkubwa wa utafiti wa alama, na ERCC1 ndiyo mfano wake. ERCC1 ikishirikiana na protini mwenzake XPF hukata DNA iliyofungwa na sisplatini, dawa ya saratani. Wazo lilikuwa la kupendeza: uvimbe usio na ERCC1 hautaweza kujitengeneza, kwa hiyo mgonjwa atafaidika na sisplatini. Mwaka 2006 watafiti walipima vimbe 761 za saratani ya mapafu kutoka jaribio la IALT, lililopima tiba ya sisplatini, kwa antibodi iitwayo 8F1, na wazo likaonekana kweli: wasio na ERCC1 walifaidika, wenye nayo hawakufaidika. Maabara nyingi zikaanza kuitumia.

Mwaka 2013 baadhi ya watafiti hao hao walijaribu kuthibitisha kwa sampuli 494 za majaribio mengine mawili, jibu halikujirudia. Walirudi pia kwenye sampuli za zamani, wakakuta 8F1 haifanyi kazi kama ilivyofanya mara ya kwanza. Toleo la antibodi lilikuwa limebadilika. Walijaribu antibodi 16 za kununua. ERCC1 hutengenezwa kwa maumbo manne, moja tu kati yake, lile namba 202, ndilo linalokarabati, na hakuna antibodi hata moja kati ya 16 iliyoweza kulitofautisha na mengine. Wengine walikuwa wameshaonyesha kwamba 8F1 hushika protini nyingine kabisa, PCYT1A, isiyohusika na ukarabati wa DNA. Wale watafiti waliyachapisha yote hayo bila kuficha, na kwa hilo ninawaheshimu sana.

Kwa hiyo alama yako isipojirudia, kagua antibodi kabla ya kukagua takwimu. Andika namba ya toleo kwenye daftari kila chupa mpya inapofunguliwa, na chupa mpya ipitishwe sambamba na ya zamani kwenye tishu zile zile. Tengeneza bloku za seli ambazo hali yake inajulikana: HCT116 haina MLH1, LoVo haina MSH2, DLD-1 haina MSH6, HEC-1-A haina PMS2, na SW480 inazo zote. Seli hizo zikusanywe, zifungwe kwenye parafini, zikatwe pamoja na sampuli za utafiti. Antibodi inayotia kahawia kwenye seli isiyo na protini yake haifai, na hakuna bei nafuu itakayoifanya ifae. Kwa alama nyingine, seli ambazo jeni husika imefutwa ndizo shahidi bora kuliko karatasi ya mtengenezaji.

Angalia friji pia. Umeme ukikatika mara kwa mara, gawa antibodi kwenye mirija midogo, weka kipimajoto chenye kumbukumbu, na usigandishe na kuyeyusha chupa ile ile mara nyingi.

Wanaohesabu nukta: gama-H2AX na RAD51

Uzi wa DNA ukikatika pande zote mbili, histoni H2AX hutiwa fosfeti kwenye serini ya 139, na kwenye hadubini ya mwanga wa florisensi unaona nukta. Malalamiko ya kawaida ni kwamba seli zisizopigwa mionzi nazo zimejaa nukta. Seli zinazonakili DNA huwa na nukta za kawaida, kwa hiyo tenga awamu za mzunguko wa seli kabla ya kulinganisha. Kiini kilichojaa mwanga wote, bila nukta, mara nyingi ni seli inayokufa au iliyoelemewa wakati wa kunakili. Kihesabiwe peke yake, kisiingizwe kwenye wastani. Na nukta zikiwa chache kuliko ulivyotarajia, tazama saa: baada ya mionzi hufika kilele karibu na dakika 30, kisha hupungua kadiri DNA inavyorekebishwa. Aliyechelewa masaa mengi amepima kilichobaki.

RAD51 ni kinyume. Inachukua masaa kadhaa kujikusanya, na hujikusanya kwenye seli zilizo katika awamu za S na G2 tu, yaani zinazonakili DNA au zinazojiandaa kugawanyika. Mtafiti akitangaza kwamba uvimbe hauna nukta za RAD51, na kwa hiyo umepoteza njia ya ukarabati inayotegemea jeni za BRCA, nitamwuliza maswali mawili. Ulipaka jeminini, protini iliyoko kwenye seli za awamu hizo, pamoja nayo ili kujua seli zipi zinaweza kuwa na nukta? Na gama-H2AX ilionyesha kwamba DNA ilikuwa imeharibika? Seli isiyogawanyika, au isiyo na jeraha, haina sababu ya kuwa na RAD51. Wanaopima vipande vya parafini huhesabu seli zenye jeminini pekee, na wengi huchukua asilimia 10 ya seli hizo zenye nukta tano au zaidi kuwa mpaka.

Unapoandika ripoti

Tumia maneno matatu: ipo, imepotea, haisomeki. La tatu lisionekane kuwa aibu. Liandike pamoja na sababu yake, mathalani kwamba limfosaiti na tishu unganishi hazikushika rangi, kisha omba bloku nyingine au bayopsi ya awali, na utaje kloni na toleo la antibodi uliyotumia. Usiandike "chanya" na "hasi" kwa protini hizi nne, kwa sababu daktari wa wodini huweza kudhani "hasi" maana yake ni salama, kumbe umemwandikia kwamba protini imepotea.